Diski Haina Hatia

Niseme mapema: mimi si mtu wa kusifu mafundi. Nimeendesha magari ya watu kwa miaka mingi kati ya Nyamira, Birongo na Nyamache, na katika miaka hiyo mafundi wamenidanganya kwa Kigusii, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kwa hiyo nikimsifu mmoja, mjue nimemchunguza kwanza. Alizaliwa lini sijui, ni wa ukoo gani sikuuliza, na jina lake nitamwachia mwenyewe. Sisi tulimwita Fundi. Mkewe alimwita Fundi, watoto wake walimwita Fundi, na mchungaji akitangaza matoleo ya ujenzi alimwita Fundi vilevile.

Gereji yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya barabara, hatua chache kutoka sokoni Birongo, na migomba nyuma yake. Hapakuwa na kibao. Alisema mwenye shida ya breki atauliza njia, na asiyeuliza hana shida. Kazi yake ilikuwa breki tu. Ukimletea injini alikuelekeza kwa jirani. Ukimletea redio ya gari alikutazama kama umemtukania mama.

Mfuko wa shati lake ulikuwa mweupe siku zote. Humo alitia kipande cha jiwe laini, lile la Tabaka ambalo watu huchongea vinyago na vikombe vya kuuzia wageni. Mafundi wengine walitumia chaki kuweka alama kwenye chuma. Yeye alisema chaki ni ya walimu, inavunjika ikiulizwa swali gumu. Jiwe lake lilikwenda naye kila mahali, hata kanisani, ndani ya suti yake ya kijivu, na mkewe alikuwa amekata tamaa ya kuufua mfuko ule.

Gari likifika, hakuligusa. Alikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa zamani, akakunja mikono, akaanza kukuhoji.

"Inatetema ukikanyaga breki, ama hata usipokanyaga?"

"Nikikanyaga, Fundi."

"Unaskia wapi? Kwa stelingi ama kwa kiti?"

"Kwa stelingi."

"Ilianza lini? Usiniambie juzi. Kila mtu husema juzi."

Usukani ukitetemeka, alikuwa anafikiria magurudumu ya mbele. Kiti kikitetemeka, alikwenda nyuma. Ukijibu ovyo alikurudisha barabarani uendeshe tena hadi ujue unachosikia. Nimemwona akimrudisha afisa mmoja wa serikali mara mbili, na afisa akatii, akiwa na tai shingoni na viatu vimejaa matope. Mtu akija na jibu tayari, kwamba diski zimepinda kwa joto na anataka nyingine, Fundi aliinuka na kumwonyesha barabara ya kwenda dukani. "Kama unajua ugonjwa, umekuja kwa daktari kufanya nini?"

Hakuwa na staha kwa mafundi wenzake. Alisema fundi wa kubadilisha tu si fundi, ni mchukuzi wa vipuri. Aliwachukia zaidi vijana wanaoosha magari mtoni chini ya mlima. Gari linateremka na breki zimewaka moto, linaingia mtoni, kijana anamwagia magurudumu ndoo ya maji baridi, mvuke unapanda, na mwenye gari anacheka. Fundi alipita hapo kila asubuhi akienda kazini, na kila asubuhi aliwatukana kwa zamu, mmoja mmoja, kwa jina. Walimsubiri kama watu wanavyosubiri taarifa ya habari.

Nimesema alipita, maana alitembea. Mtu huyo aliyezijua breki kuliko mtu yeyote niliyemwona hakuwa na gari, hakuwa na leseni, na hakutaka. Ukimpa lifti alikaa kiti cha mbele kama mtu anayepelekwa mahakamani, na kila kona mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu. Zulia la gari langu lilichakaa upande wa abiria kwa sababu yake. Nilipomcheka alinijibu kwamba anajua kinachoweza kuharibika, mimi sijui, na ndiyo maana mimi naweza kuendesha.

Kitu kingine ni Ijumaa. Fundi alikuwa Msabato wa kuzaliwa na wa kuamua. Jua la Ijumaa likianza kuinama juu ya vilima, alianza kukusanya spana zake, akazifunika kwa gunia, akanawa hadi viwiko. Baada ya hapo hata gari la gavana lisingefunguliwa nati. Sabato yenyewe alikaa benchi la nyuma kanisani, dirisha likiwa wazi, na waumini waliochelewa walipoingia na magari yao aliwasikiliza wakifunga breki. Mahubiri yakiendelea, ungemsikia akifyonya. Jumapili asubuhi mwenye gari alipata ujumbe: pedi zako za nyuma zimekwisha, usiteremke nazo Nyamache.

Na sasa kasoro yake, maana alikuwa nayo, tena kubwa kama nyumba. Hakukubali kosa. Mlango wa choo cha kwake aliutia bawaba yeye mwenyewe, akaufanya ufunguke kwa ndani, na choo chenyewe ni chembamba. Aliyekaa humo, mwingine akisukuma, aligongwa magoti. Mkewe alilalamika, wageni wakalalamika, mchungaji aligongwa siku ya ibada ya nyumbani akatoka akichechemea. Fundi alisema mlango uko sawa, watu ndio hukaa vibaya. Miaka ikapita. Mkewe aliniambia kwamba ameolewa na mtu ambaye hajawahi kukosea tangu siku ya harusi, na kwamba mzigo huo hamtakii mwanamke yeyote.

Kumbukeni mlango huo wa choo.

Wakati huo nilikuwa dereva wa zahanati moja ya kanisa. Nilibeba akina mama wa kujifungua, chanjo, wakati mwingine mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa Kisii. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa ufunguo wa gari lile, na wako waliosema nitakuwa wa mwisho. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wangu watatu na kuwaweka shuleni; sikuwa na nyingine wala mume wa kuniletea. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa na mpwa mwenye leseni na asiye na kazi. Jambo hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema.

Fundi alitutilia diski mpya na pedi mpya magurudumu ya mbele. Gari likatulia, nikaendesha kwa raha. Wiki ya tatu, nikiteremka kuelekea mtoni na mama mjamzito nyuma, nilikanyaga breki na usukani ukaanza kucheza mikononi mwangu. Siku zilizofuata ukazidi. Nikaripoti kwa kamati, kama inavyotakiwa, na hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Mwenyekiti alisema diski zilikuwa mpya na zilikuwa sawa, basi aliyeziharibu ni anayekanyaga. Akasema mbele ya kikao, akicheka, kwamba mwanamke hukanyaga breki kama anayeponda wimbi. Wajumbe wawili wakacheka naye. Mimi sikucheka. Nilitamani nimpige na daftari la safari. Kikao kikaamua kwamba Fundi aandike barua kuthibitisha uharibifu, na barua ikishafika, nirudishe ufunguo.

Wakaja gerejini Jumatano mchana, mwenyekiti, katibu na mjumbe mmoja, katika gari lilelile, nami nikiliendesha. Mnaweza kuwazia safari hiyo. Kila nilipokanyaga breki, gari lilitetemeka, na mwenyekiti alikohoa.

"Fundi, sisi hatujakuja kukaa," mwenyekiti akaanza. "Tuandikie barua moja tu. Sema hizo diski zimeharibiwa na dereva, basi."

"Nimepima?"

"Si wewe ndiye ulizifunga zikiwa mpya? Wiki mbili ziko sawa, halafu zinatetema. Ni nani amekuwa akikanyaga?"

"Mimi siandiki kitu sijapima," Fundi akasema. "Gari ipande jeki."

Alianza na gurudumu la kulia, hakukuta kitu. Akahamia la kushoto. Akatoa gurudumu, akatoa kalipa, kile chuma kinachoshika pedi, akakining'iniza kwa waya. Kisha akarudisha nati zote tano na kuikaza diski ikae vilevile inavyokaa barabarani. Hakukaza kwa kuzunguka. Aliruka, moja hapa, nyingine ng'ambo, kama kawaida yake. Akachukua waya mgumu, akaufunga kwenye mguu wa shokabsoba, na mwisho wake akafunga jiwe lake jeupe, akalisogeza hadi likaribie uso wa diski bila kuugusa.

"Kuja hapa, baba," akaniita. Wageni hushangaa, lakini kwetu Ugusii baba ni mama, na mwanamke unayemheshimu humwita hivyo. "Zungusha polepole. Nyinyi wengine muangalie jiwe."

Nikazungusha. Jiwe lilipita bila kugusa, likapita, halafu likachora mstari mweupe upande mmoja wa diski, mfupi kama kiganja. Nikazungusha tena. Mahali palepale. Diski ilikuwa inatokeza nje upande huo.

"Si hiyo hapo!" mwenyekiti akasema. "Imepinda."

"Ngoja," Fundi akasema. Akaipaka alama bolti iliyokuwa karibu na mstari ule, moja ya zile zinazobaki mahali pake diski ikitolewa. "Sasa sikieni kabla sijafanya, ndio mtu asiseme nilibadilisha maneno. Nitatoa hii diski, niigeuze matundu mawili, niifunge tena. Jiwe likichora juu ya huo mstari wa kwanza, diski imepinda, na huyu mama ana kesi ya kujibu. Likichora kwa hii bolti, diski haina hatia. Shida iko kwa kitu imekalia."

Hakunitazama aliposema hivyo. Mimi nilishika nati tano mkononi na nikasali sala fupi isiyo na adabu. Akaitoa diski, akaigeuza, akaifunga. Akaufuta mstari? Hapana, aliuacha ili waone wote. Nikazungusha tena.

Mstari wa kwanza ukapita mbele ya jiwe, na jiwe halikuugusa. Kisha ikaja bolti yenye alama, na jiwe likachora.

Nilipiga kelele. Siombi radhi. Katibu naye alisema "Mbuya mono," vizuri sana, kisha akamwona mwenyekiti na kuinamia kalamu yake.

Fundi hakushangilia. Aliitoa diski, akachuchumaa mbele ya hab, kile kitovu cha chuma ambacho diski hukalia, akakipitishia kidole. Akakipitisha tena. Akatoa miwani. Upande mmoja wa hab palikuwa na gamba la kutu na udongo mwekundu uliokauka, limebanwa na diski hadi likawa laini, jembamba kama ganda la yai. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati.

Nilijua anachokifikiria kwa sababu ndicho nilichokuwa nakifikiria. Kabla ya kutia diski mpya, hab husuguliwa kwa brashi ya waya hadi ing'ae. Alikuwa amewafokea mafundi wa wilaya nzima kwa jambo hilo. Na diski hii hakuitia mtu mwingine.

Mwenyekiti hakuwa mjinga. Alisogea karibu na kuteremsha sauti.

"Fundi, hayo matope ni ya dereva. Yeye ndiye hupita kwa mto. Sema tu hivyo. Na kazi ya zahanati inabaki kwako, hii na ile gari ingine."

Ilikuwa rahisi. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, mengine katibu angeandika. Nilimkumbuka yule mtu wa mlango wa choo.

Fundi akainuka, magoti yakalia.

"Matope ingeingia aje nyuma ya diski imefungwa?" akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. "Huyu mama aliifungua na meno? Yaya, hapana. Hii ni mimi."

"Fundi..."

"Ni mimi! Ilikuwa Ijumaa. Ya kulia nilisugua. Nikaangalia jua, nikaona inaenda. Hii ya kushoto nikapangusa na kitambaa, nikasema itatosha. Sasa diski ikikaa upande hivi, kila mzunguko pedi inailamba mahali pamoja. Siku ya kwanza huwezi skia. Wiki ya tatu pale pameisha, ndio stelingi inacheza. Mguu wa mtu hauna makosa hapa. Andika."

Katibu hakuandika. Alimtazama mwenyekiti.

Basi Fundi akalifungua jiwe kwenye waya, akauvuta mlango wa gereji, na upande wa ndani, juu ya bati, akaandika kwa herufi kubwa: IJUMAA. HAB YA KUSHOTO. HAIKUSUGULIWA. NI MIMI. Mistari minne. Kisha akamgeukia katibu.

"Nakili kutoka hapo. Usiongeze kitu."

Akasugua hab hadi ikang'aa, akatia diski nyingine kutoka rafu yake bila kumwuliza mtu, akapima tena kwa jiwe, na jiwe halikuchora chochote. Kwangu alisema maneno mawili tu: "Kanyaga sasa." Nikakanyaga, na usukani ukatulia kama meza.

Ufunguo ukabaki kwangu. Kazi ya zahanati ikampita Fundi kuanzia mwezi huo, ikapelekwa kwa fundi wa mjini anayeandika barua haraka. Nami niseme ukweli, nilimkasirikia. Wiki nzima nilikuwa nimewatazama watoto wangu wakila, nikihesabu siku, na chanzo kilikuwa brashi ya waya aliyoiacha ikining'inia msumarini. Sikuwahi kumsikia akisema samahani. Nilimngoja aseme, hakusema. Nilipomwambia hivyo kwa hasira, alinionyesha kwa kidevu ule mlango wenye maandishi. Yake alikuwa ameyaandika.

Na hakuyafuta. Wateja walisoma, wakauliza, akawaeleza wote tangu mwanzo, hata waliokuja na haraka. Wengine wakaenda kwingine, maana nani anataka fundi anayetangaza makosa yake mlangoni? Siku moja mzee mmoja wa kanisa alikuja kumsihi angalau afute neno Ijumaa, kwa kuwa watu wasio wa imani yetu wanaweza kusema Sabato inaharibu magari.

"Sabato haina makosa," Fundi akamjibu. "Jua liliteremka saa yake. Mimi ndiye nilichukua kazi ya saa mbili ikiwa imebaki saa moja. Hiyo Ijumaa inakaa."

Ikakaa. Herufi zilipofifia kwa kuguswaguswa, alizipitia upya. Kuanzia siku ile hakupokea tena gari Ijumaa baada ya adhuhuri. Mlango wa choo, kwa upande mwingine, uko vilevile hadi leo, na ukienda kuwatembelea kaa upande.

Mwezi uliopita nilipita Birongo na gari la zahanati. Ndiyo, bado ni mimi. Mwenyekiti aliondoka, mpwa wake aliondoka, ufunguo haujaondoka. Gereji ilikuwa imefungwa tangu macho ya Fundi yalipoingia ukungu, lakini kiti kile kilikuwa nje na yeye alikuwa amekikalia. Nilifunga breki, na kabla sijashuka akauliza.

"Mbele, kulia. Ilianza lini?"

"Bwairire, Fundi. Hata salamu hakuna?"

"Bwairire. Ilianza lini?"

Nikamweleza. Fundi wa mjini alikuwa ametutilia diski mpya, na baada ya wiki tatu usukani ukaanza kucheza. Sikumngoja mtu. Nilipandisha gari jeki mwenyewe uani pa zahanati, nikapima kwa kijiwe nilichonunua Tabaka, nikageuza diski matundu mawili. Kutu, kama ilivyokuwa ile siku.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia na nikamwonyesha."

"Akasema?"

"Akasema ni mimi nakanyaga vibaya."

Fundi alifyonya, mfyonyo mrefu kama ule wa kanisani. Akageuza macho yake meupe upande wa barabara.

"Fungua huo mlango, baba. Nisomee."

Nikaufungua. Vumbi lilikuwa limekula karibu kila kitu. Palibaki nusu ya Ijumaa, na chini kabisa neno MIMI. Nikamwambia hivyo bila kupunguza. Akatia vidole mfukoni, akatoa jiwe, likiwa limebaki dogo kama jino.

"Andika tena. Kubwa, mtu akisimama barabarani asome."

Nilitaka kubisha. Nilitaka kumwambia kwamba inatosha, kwamba ni watu wangapi wamekosea na hawajaandika popote. Lakini nilimjua. Nikaandika mistari yote minne, nikabonyeza hadi bati likalia. Halafu, kabla sijalirudisha jiwe, nikaongeza wa tano.

Alikuwa amekaza sikio.

"Ilikuwa nne. Hiyo ya tano ni nini?"

"Nimeandika: ALISEMA MWENYEWE."

"Futa."

"Sifuti."

"Mlango ni wangu."

"Mlango ni wako, Fundi. Lakini wewe ndiye ulisema mtu asiandike kitu hajapima. Hiyo nimepima mimi, miaka yote hii. Sifuti."

 Fundi akanyoosha mkono kudai jiwe lake. Nikamwekea kiganjani, nikausukuma mlango ukabaki wazi kuelekea barabarani, nikawasha gari nikaondoka.